Kofia ya Mjomba

Daktari wa mifugo alivaa kofia isiyo yake, akakalia kiti kisicho chake, akageuza uso mbali na dirisha.

"Shemeji, usigeuke," mwalimu wa farasi alimwonya. "Wakikuita, inua mkono tu."

"Na wakitaka kuingia?"

"Mlango nitaufunga. Wewe kaa tu. Kazi ya kukaa unaiweza."

Daktari alitaka kucheka, akashindwa. Kofia ilikuwa bado inanuka jasho la mwenyewe.

Mwenyewe ni mwenye shamba. Kwa damu alikuwa mjomba wa mtu mmoja tu, lakini wapanda farasi wote wa pale walimwita Mjomba, na hawakukosea. Uwanja wa mazoezi ni wake, mazizi ni yake, nyasi na maji ni yake, na miaka nenda miaka rudi hakuwahi kuwadai hata asante. "Maadamu niko hai, hapa ni penu," aliwaambia, na Mjomba hakuwa mtu wa kauli mbili.

Sasa mpwa wake alikuwa akisema Mjomba amesafiri mbali kutibiwa, na amemwachia shamba aliuze. Uwanja ungejengwa maghala. Farasi, hasa wale wazee, wangeishia machinjioni. Mwalimu alilia mpaka macho yakamvimba, kisha akakumbuka kwamba ufunguo wa jikoni kwa Mjomba anao yeye. Mnunuzi akimkuta mwenye shamba ameketi nyumbani kwake, atanunua nini? Ni uongo, ndiyo. Mjomba akipona atausikia, na atacheka kuliko wote.

Laiti angepona upesi. Tangu aondoke, shamba lilikuwa limeingiwa na ubaridi usioelezeka. Hata kuondoka kwenyewe hakukuwa kwa kawaida yake. Alitoka na mpwa wake kwenda kutembeza farasi, akarudi farasi peke yake, tandiko mgongoni. Mpwa alieleza kwamba Mjomba alizidiwa njiani, akapata gari la kumpeleka mjini. Mtu aliyekuwa haendi hata dukani bila kuaga!

Gari la wageni lilipoingia, mwalimu alikuwa uwanjani juu ya farasi huyohuyo, jike wa kijivu ambaye Mjomba alimlea kwa chupa. Alikuwa mkaidi siku hizi. Alizunguka vizuri, lakini kila akikaribia mwisho wa uwanja alisimama, masikio nyuma, akakataa katakata. Mwalimu hakumchapa. Pale palikuwa na udongo mpya, na farasi haamini ardhi asiyoijua.

"Eneo lote ni tambarare," mpwa alikuwa akimwambia mnunuzi. "Kulikuwa na kisima kikavu kule mwisho, nimekifukia kwa mikono yangu. Mtu angeweza kutumbukia."

"Na mzee mwenyewe?"

"Yuko hospitali, ndugu yangu. Hajiwezi kabisa."

Mwalimu alishuka. Sauti yake ilitoka laini.

"Hospitali tena? Mjomba si amerudi jana? Yule pale dirishani. Amechoka tu."

Wote wawili waligeuka. Nyuma ya kioo, chini ya kofia ile ya zamani, mkono uliinuka taratibu.

"Kijana," mnunuzi alisema, uso umemkunjamana, "unaniuzia shamba la mtu aliye hai?"

Mpwa alikuwa bado ameukodolea macho mkono ule. Mwalimu alijiandaa kwa matusi, maana majibu alikuwa nayo tangu asubuhi.

Hakutukanwa. Wala mpwa hakwenda nyumbani kumwamkia mjomba wake. Alikimbia hadi mwisho wa uwanja, akapiga magoti pale alipofukia kisima, akaanza kuupapasa udongo huku na huku, akitafuta mahali palipofukuliwa.