Alama ya Chaki

Fundi Sikudhani alikuwa amefua fimbo mbili za gofu, akazipaka chaki usoni, pale panapogusa mpira. Ile nyembamba, ambayo kingo zake hazijapigwa msasa na bado ni kali, humwambia mchezaji mkononi mpira umegusa wapi. Ile pana husamehe makosa.

"Fumba macho, kaka, upige. Kisha niambie mpira umegusa wapi."

Mashindano yalikuwa kesho, na mchezaji wake, Kalumbeta, alikuwa amemficha kila mtu ganzi ya vidole vyake. Akapiga kwa ile nyembamba.

"Katikati!"

Alama ilikuwa pembeni kabisa. Sikudhani akamwonyesha, akampa mpira mwingine.

"Katikati, fundi. Haki ya Mungu, katikati!"

Pembeni tena. Sikudhani akamnyooshea ile pana. Kalumbeta hakuipokea. Aliinama akifuta alama kwa kidole gumba, akasugua mpaka ukingoni, hata chaki ikawa nyekundu, naye bado anasugua.