Masale ya Mpakani

Fundi alikwisha kupigilia vigingi na kuvuta kamba. Chumba kipya cha Elinami kilidai hatua mbili zaidi, nazo zilikuwa kwa jirani, ng'ambo ya masale yaliyopandwa mpakani. Asubuhi hiyo Elinami aliing'oa mimea yote, akaimwagia mafuta ya taa na kuitia moto.

Mzee Kiwelu, jirani yake, alikuja na panga, akaikata kamba.

"Masale haya aliyapanda babu yako kwa mkono wake, Elinami."

"Toka kwenye msingi wangu, mzee!"

Mzee akakata kamba ya pili. Elinami akamtandika chepe la kichwa. Mzee akaanguka, damu ikarukia matofali.

"Mwombe radhi angali anapumua!" fundi alipiga kelele. "Tafuta sale!"

Kwao, anayekuletea jani la sale lililopigwa fundo humnyimi msamaha, hata akiwa amemwaga damu. Elinami alikimbilia motoni, akafukua majivu kwa mikono mitupu mpaka ngozi ikababuka. Akapata jani moja, nusu yake makaa. Akapiga magoti mbele ya mzee, akalikunja kulifunga fundo. Likakatika. Akakunja kipande kilichobaki, na jicho moja la mzee likawa linavitazama vidole vyake.