Karoti za Kulinganishia

Mwiba ulitokea tena.

Mkemia aliutazama kwenye skrini, mstari wa mashine ukichomoza juu kuonyesha kuna dawa, akasonya. Kwenye karoti walizozitia dawa ya wadudu makusudi, ili kujaribu njia yao mpya ya upimaji, mwiba ulikuwa haki yake. Lakini hii ilikuwa sampuli safi, ya kulinganishia. Mstari ulitakiwa ulale chali.

"Huu ni mkono wa mtu," alimwambia mkuu wa maabara.

Mkuu alikuwa ameshachoka. Njia hiyo isipokubali mwezi huu, mradi unafungwa, na kibarua cha mtu kitaota nyasi. Cha nani? Wote wawili wakamgeukia msaidizi, aliyekuwa akisuuza chupa huku akijifanya hasikii.

Karoti zenyewe za sampuli safi hazikuwa na shaka. Zilitoka kwenye kibustani cha mama yake mkemia, nyuma ya nyumba. Ndizo hizohizo bibi alizokuwa akimpondea mjukuu wake, mtoto wa mkemia, aliyeanza kula juzijuzi tu. Sasa mtu atake ushahidi gani tena?

Basi mkemia akamkalia msaidizi kooni. Akabadilisha vyombo, akabadilisha kemikali, kabati akalifunga na ufunguo akauvaa shingoni. Mwiba ukazidi kurefuka. Kila msaidizi alipokohoa, mkemia aligeuka kumtazama.

Asubuhi moja aliwahi kazini, akamkuta msaidizi kamtangulia. Mashine ilikuwa inanguruma. Mezani palikuwa na karoti kwenye mfuko asioujua, na zile za mama yake zilikuwa zimesukumwa pembeni.

"Haya, leo nimekukamata," alisema, na moyo wake ukafurahi kweli. "Unabadilisha sampuli. Nani anakutuma?"

"Hakuna, dada. Hizi nimezinunua sokoni kwa hela yangu. Sikutaka kukuambia kabla sijawa na hakika."

"Hakika ya nini?"

Msaidizi alisogea kando ili mwenzake aione skrini. Mstari wa karoti za sokoni ulikuwa umelala chali, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mkemia alitafuta simu mfukoni, akampigia mama yake kumuuliza kama mtoto ameshakula.

"Wewe nawe, kwa wasiwasi hujambo," mama alicheka. "Mtoto yupo hapa mapajani. Kamaliza bakuli zima la karoti, na sasa analia anataka jingine."