Ndani ya Plastiki

Karani alipiga mhuri mara mbili nyuma ya cheti cha Mwanaidi, na mara zote mbili wino ukakataa kushika.

"Nani alikitia plastiki, dada?"

"Baba. Paa letu linavuja, aliogopa mvua."

"Alikusudia mema. Lakini maombi ya stashahada ya uzamili ya ualimu hayapokelewi bila mhuri kwenye karatasi yenyewe, na mwisho ni leo saa kumi." Akamsogezea wembe. "Pasua pembeni, polepole. Wengi hufanya hivyo."

Mwanaidi alikigeuza cheti. Chini ya jina lake, kati ya karatasi na plastiki, ulinaswa unywele mmoja wa mvi, tangu siku ile baba alipokiinamia kwenye duka la kutia plastiki akilisoma jina la bintiye kwa sauti. Juzi ilisomwa arobaini yake. Kanzu na kofia zake zilishagawiwa.

"Zimebaki dakika tano, mwalimu," karani alisema kwa upole.

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo ila baba. Akapasua upande mmoja. Juu yao feni ilikuwa ikizunguka. Aliufunika mwanya kwa kiganja, unywele usipeperuke, wala hakuuinua mkono.