Mama wa Profesa

Tasnifu ya Mwanamvua ilirudishwa. Mashine ya chuo ya kunasa wizi wa maandishi ilikuwa imepaka wekundu sura nzima ya tatu, na kwa shahada ya uzamivu sharti halina mjadala: aliyenakili hahitimu.

"Umenakili makala yangu ya mwaka jana," alisema Profesa Lukindo, msimamizi wake, bila kuinua macho. "Badilisha maneno kidogo, binti yangu, nami nitasaini."

Sura hiyo Mwanamvua alimkabidhi Profesa huyo huyo, zamani kabla makala haijatoka. Akaichukua ile makala mezani, akasoma kwa sauti iliyofika hadi korido:

"'Kusuka mikeka nilifundishwa na mama yangu mzazi, Bi Tausi, nikiwa nimekaa miguuni pake.' Haya umeandika wewe, Profesa?"

Profesa akavua miwani, akaivaa tena. "Hapo... niliteleza tu."

"Uliteleza! Umebeba kila kitu, mpaka mama yangu umembeba! Haya, kumbe mimi na wewe ni ndugu wa tumbo moja. Basi msalimie mama, hajakuona siku nyingi."

Akabonyeza simu yake, akafungua spika, akailaza juu ya zile kurasa nyekundu.

"Haloo?" sauti ya kizee ikajaa chumbani. "Haloo, mwanangu? Mbona husemi?"

Mwanamvua akakunja mikono kifuani, akangoja Profesa aitike.