Shukrani Isiyo na Kosa

Sekunda alikuwa ameandika shukrani ya familia kwa wote waliomsindikiza mama yake kaburini, isomwe kanisani Jumapili. Kompyuta ilipiga mstari mwekundu chini ya kila jina la ndugu, naye akaiagiza iyakubali, moja moja, mpaka ukurasa ukawa safi.

"Mashine haioni kosa tena," alisema mwalimu wa darasa la jioni la kompyuta, akichungulia juu ya bega lake. "Mama, leo umetushinda. Tuchapishe?"

"Ngoja kwanza, mwalimu."

"Unangoja nini? Malaika aje asahihishe?"

Wenzake wakacheka. Sekunda alisoma tena kutoka juu: ndugu, paroko, kwaya, majirani waliopika, vijana waliochimba kaburi. Wifi yake Yustina hakuwamo. Yustina aliyekuwa akimgeuza mama kitandani miezi yote ile, akimwosha, akimlisha uji kwa kijiko. Walikosana kwenye matanga kwa sababu ya kanga za marehemu, na tangu hapo Sekunda hakutaka hata kulitamka jina lake. Asubuhi hiyo alimwomba Mungu ampe moyo mweupe, kisha akaja hapa na kuandika hivi.

"Mama, tunafunga."

"Kuna mtu nimemwacha," alisema.

"Mashine ingekwambia."

"Haimjui, mwalimu. Mimi ndiye ninayemjua."

Akavuta kiti karibu. Nje wenzake walikuwa wakiagana. Akaandika, *Tunamshukuru kwa namna ya pekee*, kisha vidole vikasimama juu ya herufi, na kile kistari cha kuandikia kikaendelea kuwaka na kuzimika, kikimngoja.