Chumvi ya Marlys

"Anza na hapo, Padri," mama mkwe alisema, hata koti la theluji hajavua, akiinyooshea kidole nyota ya shaba kifuani mwa Marlys. "Hapo ndipo shetani wake anapolala."

"Shetani namsikia kwenu tu, Mama. Nyota hii ni ya dini yetu ya Wicca, nayo haina huyo mtu."

"Mchawi mkubwa wewe! Umemloga mwanangu hadi kanisani haendi!"

Padri alipekua mkoba wake, akaguna. Chumvi ya kubarikia maji alikuwa ameisahau parokiani.

Marlys akamletea bakuli la udongo lenye chumvi kutoka dirishani, penye mishumaa yake. Padri akaiombea chumvi, akaimimina kwenye maji kwa ishara ya msalaba. Mama mkwe akachovya vidole, akajipaka kwenye paji la uso, akashusha pumzi.

"Unajisikiaje, Mama?"

"Mwepesi! Hayo ndiyo maji matakatifu."

"Chumvi hiyo niliibariki mimi asubuhi, kwa jina la Mungu wetu wa kike. Na kwenye maji huwa naitia vivyo hivyo."

Padri akainama haraka, akakohoa. Tone moja likawa linateremka polepole kwenye pua ya mama mkwe.

Marlys akamnyooshea taulo la jikoni.

"Haya, jifute. Ila ukifuta baraka yangu, umefuta na ya Padri."